Unamkataa mtu au unaikataa picha? Uzi wa wanaotafuta wenza mtandaoni

Mkaa Pembeni (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Humu jukwaani haipiti wiki bila mtu kuleta kilio kilekile: nilimpata mtandaoni, tukachati vizuri tu, siku ya kuonana nikakuta si yeye. Wachangiaji tunashuka kwa fujo. Wanawake waongo, wanaume matapeli, filta zimeharibu dunia. Wadanganyifu wapo, sikatai, ila mimi nasema kazi kubwa ya kutudanganya tunaifanya wenyewe vichwani mwetu, na tunaimaliza kabla yule mtu hajaandika hata salamu. Nimesoma tafiti za waliobobea kwenye mambo haya, nikazilinganisha na ninayoyaona kwa watu wangu wa karibu. Uzi ni mrefu. Mvivu wa kusoma apite kwa amani, asije kuniuliza "kwa kifupi umesema nini".

Tuanze na muda. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliwaonyesha watu sura wasizozijua kwa milisekunde 100, yaani sehemu ya kumi ya sekunde moja. Wakawauliza: huyu anavutia? Anaaminika? Ni mkali? Majibu yao yalilingana sana na ya watu walioachwa watazame mpaka watosheke. Walioongezewa muda, kilichopanda zaidi ni uhakika wao kwamba wako sahihi. Yaani muda wa ziada haukuibadilisha sana hukumu, uliipa kiburi.

Kwa hiyo anayekwambia "usimhukumu mtu haraka" anapoteza mate yake. Ukishaifungua profaili, hukumu imeshapita, wewe unatafuta sababu za kuitetea. Swali langu ni tofauti: hiyo hukumu inamhusu nani?

Hapa ndipo nilipoduwaa. Mwaka 2011 Rob Jenkins na wenzake walichukua picha 40 za watu wawili, kila mmoja picha 20, wote wawili maarufu Uholanzi. Wakawapa Waingereza wasiowajua, wakawaambia wapange picha za mtu mmoja pamoja. Hawakuambiwa ni watu wangapi. Wengi walitoa mafungu saba, nane, tisa na kuendelea. Watu wawili tu! Waholanzi waliowajua wale watu walipopewa kazi hiyohiyo wakatoa mafungu mawili bila kuhangaika. Kwa mtu usiyemjua, mwanga ukibadilika, nywele zikibadilika, kamera ikisogea kidogo, ubongo wako unaona binadamu mwingine kabisa. Na kila "binadamu" huyo anapata alama zake: huyu mpole, huyu ana dharau, huyu mlevi.

Kwa hiyo unapotelezesha kidole kushoto, umekataa picha. Mwenye picha hujamfikia bado.

Kuna balaa jingine. Picha hiyo kachagua nani? Kachagua mwenyewe. Na David White na wenzake huko Australia walionyesha mwaka 2017 kwamba sisi ni wachaguzi wabaya wa picha zetu wenyewe. Waliwaambia watu wachague, kati ya picha zao, ya kuweka kwenye profaili; halafu wakawapa watu wengine wasiowajua picha zilezile wachague nao. Zilizochaguliwa na wageni ndizo zilizomfanya mhusika aonekane vizuri zaidi machoni pa watazamaji wengine. Nadhani ni kwa sababu wewe ukijitazama unaona picha ya siku uliyofurahi, unaona shati uliloligharamia. Mgeni anaona pua imevimba na jicho moja limefumba.

Halafu kuna foleni. Hakuna anayetazama profaili moja akalala. Unatazama nyingi mfululizo, na ya nyuma inaisemea ya mbele. Jessica Taubert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney waligundua mwaka 2016 kwamba sura inayokuja baada ya sura uliyoiona nzuri, nayo inapata nafasi kubwa zaidi ya kuonekana nzuri. Ungetegemea kinyume, kwamba baada ya mrembo anayefuata atafifia. Wapi! Anabebwa. Na huko Uholanzi, Tila Pronk na Jaap Denissen walionyesha mwaka 2020 kwamba kadiri mtu anavyoendelea kutazama ndivyo anavyozidi kuwa mkataaji: kutoka profaili ya kwanza hadi ya mwisho, uwezekano wa kukubali ulishuka kwa asilimia 27. Ukitazama usiku umechoka, umeshakataa kundi zima, yule wa mwisho hana kosa lolote isipokuwa kufika amechelewa.

Sasa tufike kwenye kiini. Mwaka 1920 Edward Thorndike aliwatazama maofisa wa jeshi wakiwapa askari wao alama. Aliyepewa alama za juu kwenye umbo na mwonekano, alipewa za juu pia kwenye akili, kwenye uongozi, kwenye tabia, kana kwamba vyote vimetoka chungu kimoja. Mwaka 1972 Karen Dion, Ellen Berscheid na Elaine Walster wakaonyesha hilohilo kwa picha: wenye sura nzuri walidhaniwa kuwa na tabia njema na maisha mazuri zaidi. Mtandaoni jambo hili linakuwa baya kuliko mtaani, kwa sababu mtaani yule mrembo atafungua mdomo, utamsikia anavyomjibu mhudumu. Mtandaoni una picha tano na mistari miwili. Panapobaki patupu unapajaza wewe.

Tazameni mazungumzo haya. Nimeonyeshwa na mtu wangu wa karibu, na nina hakika wote humu mmeyaandika:

— Mambo
— Poa
— Za kwako
— Nzuri tu, niambie
— Safi, za tangu asubuhi
— Njema, wewe je

Hakuna kilichosemwa hapo. Sifuri. Lakini kama anayejibu ana picha kali, utasikia: "Ametulia huyu, hana papara, si mtu wa maneno mengi." Weka meseji zilezile chini ya picha ya selfi ya bafuni, kioo kina madoa ya dawa ya meno, taulo linaning'inia nyuma: "Huyu anaboa, hana hata cha kuongea." Herufi ni zilezile! Mtu wangu huyo alikaa na "ametulia huyu" miezi, akamjengea kabisa tabia: msikivu, mcha Mungu, hapendi makuu. Walipoonana akakuta jamaa ni mpiga kelele namba moja, ila hapendi kuandika tu. Akarudi analia kwamba ametapeliwa. Jamaa wa watu hakuwahi kusema ametulia!

Profesa mmoja wa mawasiliano, Joseph Walther, aliliandikia jambo hili tangu mwaka 1996, kabla ya simu hizi. Anayeandika ana nafasi ya kuchagua cha kuonyesha, anafuta, anarekebisha. Anayesoma, kwa kile kidogo alichopewa, anamkuza mwenzake. Na kila mmoja anamlisha mwingine mpaka ukaribu wa kwenye maandishi unaupita hata ule wa watu wanaoonana ana kwa ana. Raha yake ni ya kweli. Ila mnayempenda kila mmoja ni mtu aliyemtunga mwenyewe.

Mnataka ushahidi kwamba picha inafunika kila kitu? Tarehe 15 Januari 2013 OkCupid, mtandao wa kutafuta wachumba, uliondoa picha zote kwa saa kadhaa. Christian Rudder, mmoja wa waanzilishi wake, alikuja kueleza kilichotokea: waliopata meseji za kwanza walijibu zaidi kwa asilimia 44, mazungumzo yalikwenda mbali zaidi, na namba za simu zilitolewa haraka. Watu walikuwa wanaongea! Picha ziliporudishwa, watu wapatao 2,200 walikuwa katikati ya mazungumzo yaliyoanza gizani. Mazungumzo yakayeyuka. Yaani mtu mnacheka naye vizuri, taa inawaka, unamtazama, unaondoka.

Sisemi tufumbe macho. Mvuto una nafasi yake na sitaki mtu aoe au aolewe kwa kuhurumiwa. Ninachosema ni kwamba hukumu ya kwanza ipewe kazi ndogo: iamue nani unaongea naye tu, isiamue yeye ni nani. Na muda wa kuchati uwe mfupi. Artemio Ramirez na wenzake walionyesha mwaka 2015 kwamba wanaowahi kuonana mambo yao huenda vizuri kuliko wanaochelewa, kwa sababu wanaochelewa wameshajenga sanamu kubwa mno, mtu wa kweli hawezi kulitosha.

Nawasilisha.

Siti ya Mbele

Nimesoma yote mpaka mwisho. Hilo la kioo chenye dawa ya meno naomba ulitoe, kuna watu tuna familia humu.

Bi Tathmini

Mleta mada umeandika vizuri ila umeandika kama mwanaume. Umeweka kila kitu kwenye uzuri. Mimi nikifungua profaili ya mwanaume, swali la kwanza si "anavutia?" Swali la kwanza ni "nikikaa naye meza moja nitarudi salama?" Uzuri unakuja baadaye kidogo.

Nikwambie ninachokitazama. Maelezo yake kwanza. Akianza na "sitaki wapenda hela, sitaki wenye maringo, kama huna malengo pita kushoto", mimi napita kweli. Hajanijua, hajaniona, tayari ananifokea. Pili, picha zilizokatwa. Unaona jamaa anatabasamu, begani kwake kuna vidole vinne vya mwanamke vyenye rangi nyekundu ya kucha. Mwenyewe katolewa, vidole vimebaki. Kaka, katika picha zako zote hii ndiyo uliyoona inafaa? Tatu, picha zote miwani ya jua. Zote! Hata ya ndani ya gari usiku.

Na kile kilio cha humu kwamba wanawake tunachagua sana: kuna utafiti wa Tinder, apu ya kutafuta wachumba, wa mwaka 2016 wa Gareth Tyson na wenzake, ulionyesha wanaume wanapenda profaili nyingi ovyo, na wanawake wanapenda chache sana. Ni mduara. Mwanaume akiona hapati jibu, anapenda kila kinachopita. Mwanamke akifungua simu anakuta msururu, anazidi kuchuja. Anavyochuja, mwanaume naye anazidi kumwaga. Halafu kila upande unakuja humu kuulaumu mwingine.

Mkaa Pembeni (mleta mada)

Dada Tathmini, hilo la vidole limenikalisha chini 😂

Ila ngoja nikuchokoze kidogo. Kwenye usalama kuna vitu viwili tofauti na havina uzito sawa: anachokifanya mtu, na sura yake. Maneno ya kufoka ni ushahidi, kayaandika mwenyewe akiwa na akili zake, akayasoma, akabonyeza kuhifadhi. Vidole pia ni ushahidi, vinaonyesha jinsi anavyomchukulia atakayetazama. Lakini wanawake wengi hawaishii hapo, wanasema "ana macho ya upole, huyu hawezi kunidhuru". Hapo ndipo pa kuogopa. Uaminifu ni moja ya yale mambo ambayo ubongo unayaamua ndani ya ile milisekunde 100, na uso ni shahidi mbovu sana wa uaminifu. Todorov mwenyewe ametumia miaka mingi kueleza kwamba watu wanakubaliana kuhusu nani *anaonekana* mwaminifu, na kukubaliana huko hakumfanyi awe mwaminifu.

Bi Tathmini

Hapo sina ubishi. Macho ya upole ninayajua, yalishawahi kunikopa.

Lenzi Moja

Mimi kazi yangu ni kamera, naomba niongee ya ufundi kidogo maana watu wanajionea ubaya wasiokuwa nao.

Selfi inakuharibu pua. Siyo hisia, ni umbali. Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji wa sura huko Marekani, Boris Paskhover akiwemo, walipiga hesabu: picha iliyopigwa kutoka sentimita 30 hivi inafanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita moja na nusu. Chenye kuwa karibu na lenzi kinavimba, masikio yanarudi nyuma, uso unakuwa mwembamba kama umebanwa mlangoni. Watu wanakwenda kwa daktari kulalamikia pua ambayo wameitengeneza kwa mkono wao wenyewe.

Mpe mtu simu, arudi nyuma hatua mbili au tatu, wewe simama uso ukielekea dirishani mchana, taa ya ndani izimwe. Asikuhesabie "moja, mbili, tatu", akuongeleshe tu huku anapiga. Tabasamu lile linalotoka ukiwa umesahau kamera ndilo lako. Kisha, kama alivyosema mleta mada kuhusu ule utafiti wa Australia, usichague mwenyewe. Tuma kwa marafiki wawili wasio na huruma, wachague wao. Hata mimi ninayepiga picha kila siku sijichagulii.

Na weka moja ya mwili mzima, ya hivi karibuni. Siyo kwa ajili yake, kwa ajili yako, usiingie kwenye miadi ukiwa umebana tumbo.

Mfupi Mwenye Msimamo

Nilikuwa nasubiri mtu ataje urefu, naona mnakwepa. Basi nataja mimi.

Mimi naandika urefu wangu kamili na ninajua wengi wananichuja kabla hawajaona hata jina. Rafiki yangu tunayelingana bega kwa bega kaongeza sentimita kadhaa, anapata watu. Siku ya kuonana anavaa viatu vyenye soli nene, anaomba wakae haraka. Sasa nani mjinga, mimi au yeye?

Mkaa Pembeni (mleta mada)

Mkuu, rafiki yako hayuko peke yake. Catalina Toma, Jeffrey Hancock na Nicole Ellison mwaka 2008 waliwaita watu 80 wa New York waliokuwa kwenye mitandao hii, wakawapima urefu na uzito, wakaangalia umri kwenye leseni za udereva, kisha wakalinganisha na profaili. Kama wanane katika kila kumi walikuwa wamedanganya angalau sehemu moja. Wanaume zaidi kwenye urefu, wanawake zaidi kwenye uzito. Lakini angalia ukubwa wa uongo wenyewe: mdogomdogo tu, wa aina ambayo mkionana hauonekani kirahisi. Mtu anayejua ataonana nawe anadanganya kwa adabu.

Wewe endelea na sentimita zako. Aliyechujwa na namba asingekufaa hata ungeingia kwa soli nene, maana kuna siku utavua viatu.

kijana wa leo

kwahyo mm naeandika hv cfai? nadem aliniambia naandika kma mtoto wa std 4 akaniblok wkt hatujaonana ht mara 1. c ubaguz huo

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, ngoja nikusogelee taratibu. Hakubagua, alikusoma. Wewe umempa maandishi tu, ulitaka akupime kwa kitu gani?

Wapo Waholanzi wengine, Tess van der Zanden na wenzake, walichunguza makosa ya uandishi kwenye profaili za wachumba. Makosa ya kuteleza kidole yalimfanya mwandishi aonekane hayuko makini. Makosa ya kanuni za lugha yalimfanya aonekane hana akili sana. Ila sharti la kwanza ni kwamba msomaji ayaone, asiyeyaona hayamsumbui. Kwa hiyo yule binti anaona, na mwingine hataona, mtaandikiana "cjui" na "xaxa" mpaka uzeeni kwa furaha.

Nikupe siri moja tu. Meseji ya kwanza iandike maneno kamili. Ikishapita ya tano sita, fupisha utakavyo. Ile ya mwanzo ndiyo inayokaa.

kijana wa leo

Sawa mwalimu. Nimeandika maneno kamili hapa, umeona?

Mwalimu Mstaafu

Nimeona. Na nukta umeweka.

Mama Chungu Kimoja

Mimi nakuja na ushuhuda wa upande mwingine kabla hamjakata watu tamaa.

Mume wangu nilimpata kwenye apu. Picha yake ilikuwa mbaya. Siyo yeye, picha. Kapigwa kwa chini, kidevu kimekuwa viwili, nyuma kuna mlango wa choo uko wazi. Kidole kilikuwa tayari kinaelekea kushoto. Nikasoma maelezo, hakuandika "mcheshi, mcha Mungu, napenda kusafiri" kama wengine wote. Aliandika: "Nauguza mmea uliokataa kufa na umekataa kupona, natafuta mwenye ushauri." Nikacheka peke yangu. Nikamwandikia kumuuliza anaumwagilia mara ngapi. Kila siku, asubuhi na jioni! Alikuwa anauzamisha. Tukaanzia hapo.

Kwa hiyo mimi nasema picha inafungua mlango au inaufunga, sawa, lakini sentensi moja ya kweli inaweza kuweka mguu mlango ukabaki wazi. Tatizo watu wanaandika sifa. Sifa hazijibiki. Mtu akikwambia "mimi mcheshi" unamjibu nini? Hongera?

Mkaa Pembeni (mleta mada)

Mama, umeleta kitu ambacho tafiti zinakigusa. Lucy Hunt, Paul Eastwick na Eli Finkel mwaka 2015 walichunguza jozi 167 za wapenzi. Waliofahamiana muda mrefu kabla ya kuwa wapenzi hawakulingana sana kwa uzuri wa sura. Wale walioanza mapenzi punde tu baada ya kujuana ndio walikuwa wanaendana kwa sura, mzuri kwa mzuri. Nionavyo mimi, mwanzoni wote tunakubaliana nani mrembo, tunagombania walewale. Muda ukipita kila mtu anaanza kuona chake. Apu imechukua ule muda ikautupa nje.

Eastwick na Finkel haohao, mwaka 2008, waliwauliza watu wanataka mwenza wa namna gani, kisha wakawakutanisha kwa mazungumzo mafupi mafupi. Walichosema wanakitaka hakikutabiri nani watavutiwa naye. Sasa wewe umeketi unachuja kwa urefu, kazi, umri, unachuja kwa kutumia orodha ambayo moyo wako mwenyewe haujaisoma.

Kiroho Safi

Mleta mada mimi nakupinga. Tafiti tafiti tafiti. Mimi nikimuona mtu najua. Haijawahi kunidanganya.

Siti ya Mbele

Mkuu Kiroho Safi, wale uliowakataa ulirudi kuwauliza kama ulipatia?

Kiroho Safi

...

Mkaa Pembeni (mleta mada)

Siti ya Mbele amemaliza. Tunaowakataa hatuwafuatilii, kwa hiyo jicho letu halijawahi kusahihishiwa mtihani.

Mgeni Mwenyeji

Wakuu samahani, mimi ni mpya, huwa nasoma tu. Nina mtu tunachati muda sasa. Picha zake ni nzuri sana, anaonekana mtu mwenye heshima, daktari, anafanya kazi nje kwenye meli. Nimemwomba simu ya video anasema kamera yake imeharibika. Juzi amesema mzigo wake umezuiliwa na anahitaji nimsaidie kidogo. Mimi simuoni kama tapeli, ana sura ya huruma. Mnanishaurije?

Bi Tathmini

KIMBIA.

Siti ya Mbele

Daktari wa meli, kamera mbovu, mzigo umezuiliwa. Vyote vitatu vimekaa sentensi moja ndugu yangu.

Mkaa Pembeni (mleta mada)

Mgeni, karibu, na usione aibu kuuliza. Mwaka 2022 peke yake huko Marekani watu karibu 70,000 waliripoti kutapeliwa kwa mapenzi ya mtandaoni, hasara ikafika dola bilioni 1.3, na hao ni walioripoti tu. Si wajinga hao. Ni ile "ana sura ya huruma" tuliyokuwa tunaizungumzia hapo juu, imepewa muda mrefu wa kukua.

Fanya hivi. Usitume hata senti. Usimwambie kwamba unamshuku. Chukua picha yake moja, nenda kwenye mtambo wa kutafuta wa Google, kuna sehemu ya kutafuta kwa picha, iweke pale uone imetokea wapi kwingine. Kisha mwombe akupigie video kwa simu ya mtu yeyote, hata dakika moja tu. Aliye kweli ataazima simu.

Lenzi Moja

Na ukiitafuta hiyo picha jaribu pia kuikata ubaki uso tu, wengine huwa wanaigeuza kushoto kulia ili isipatikane kirahisi. Ikikataa igeuze kwanza.

Mgeni Mwenyeji

Nimeigeuza. Imetokea. Yupo kwenye tangazo la miwani ya kusomea, la nchi nyingine kabisa. Na jina lingine.

Siti ya Mbele

Pole sana ndugu yangu. Kweli kabisa, pole.

Mgeni Mwenyeji

Nimfungie sasa hivi au nimuulize kwanza?

Bi Tathmini

Piga picha mazungumzo yote uhifadhi, mripoti kwenye apu yenyewe, kisha mfungie. Usimuulize. Atakuwa na jibu zuri.

Mgeni Mwenyeji

Nimemripoti. Nimefunga.

kijana wa leo

Pole sana dada. Kama unahitaji mtu wa kuongea naye mimi nipo. Nina kamera nzima.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, hebu tulia.